Hariri na viwanda vya vijijini nchini Japani, 1859–1930: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukitaja viwanda vya Japani, wengi hufikiria Osaka, meli na magari. Lakini kwa miaka 70 hivi baada ya bandari ya Yokohama kufunguliwa mwaka 1859, bidhaa iliyoongoza kuiletea nchi hiyo fedha za kigeni ilianzia darini mwa nyumba za wakulima. Bidhaa hiyo ni hariri ghafi. Maswali yaliyo hapa yanahusu zaidi mikoa miwili ya milimani, Gunma na Nagano, kwa sababu huko ndiko kazi hii ilikopevuka.

Hariri ghafi ni nini hasa?

Ni uzi uliovutwa kutoka kwenye vifukofuko vya kiwavi wa hariri, kabla haujasokotwa, kuoshwa gundi yake wala kutiwa rangi. Kiwavi hutoa uzi mmoja mrefu usiokatika na kujizungushia. Uzi huo ni mwembamba mno kutumika peke yake, kwa hiyo mvutaji hukamata ncha za vifukofuko 5 au 6 vinavyoelea kwenye maji ya moto na kuzivuta kwa pamoja. Gundi ya asili ya hariri ikipoa hushikamanisha nyuzi hizo zikawa uzi mmoja.

Unene hupimwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi. Wafumaji wa Marekani walitaka uzi wa denia 14, na wakubali 13 hadi 15. Hebu tufanye hesabu: robota moja la kusafirishia lilikuwa na kilo 60 hivi, na kilo 60 za uzi wa denia 14 ni kilomita 38,500 za uzi. Ukiunyoosha unakaribia kuizunguka dunia. Mnunuzi alitaka urefu wote huo uwe na unene uleule. Sehemu kubwa ya yanayofuata hapa chini inatokana na dai hilo moja.

Kwa nini viwanda vilijengwa vijijini, si mijini?

Kwa sababu kifukofuko kibichi hakisubiri. Kiwavi akishamaliza kujifunga, nondo hutoboa na kutoka baada ya wiki mbili hivi, na kifukofuko kilichotobolewa hakivutiki tena kwa uzi mmoja mrefu. Kwa hiyo mdudu wa ndani lazima auawe kwa mvuke au hewa ya moto ndani ya siku chache, kisha kifukofuko kikaushwe mpaka uzito wake ubaki kama asilimia 40 ya ule wa mwanzo. Kisipokauka vizuri huota ukungu ghalani. Na vifukofuko vibichi vikirundikwa kwenye magunia na kubebwa siku tatu juu ya farasi huvunda na kupondeka.

Kulikuwa na sababu nyingine. Ardhi ya milimani haifai sana kwa mpunga lakini mforosadi, mti ambao majani yake ndiyo chakula cha viwavi, hustawi hata kwenye changarawe. Mito ya kasi ilizungusha magurudumu ya maji bila gharama ya makaa. Maji yenyewe yalikuwa safi, na maji machafu huondoa mng'aro wa uzi. Tena familia zilikuwa na mabinti waliozoea kazi hiyo nyumbani.

Ni nini kilichosababisha soko kufunguka ghafla?

Ugonjwa. Miaka ya 1850 na 1860 maradhi yanayoitwa pebrini, yanayosababishwa na vimelea wadogo sana, yaliangamiza viwavi wa Ufaransa na Italia. Mama mgonjwa huambukiza mayai yake, kwa hiyo mfugaji wa Ulaya hakuwa na mbegu safi. Yokohama ikajaa wanunuzi wa uzi na wa kadi za mayai, yaani karatasi ngumu ambazo nondo jike ametagia mamia ya mayai.

Biashara ya kadi ilikuwa tamu lakini fupi. Louis Pasteur alionyesha kwamba ukimkagua nondo jike kwa hadubini baada ya kutaga na kutupa mayai ya wagonjwa, ugonjwa unadhibitika. Ulaya ikaanza kujitegemea. Mwaka 1874 rundo la kadi zilizokosa wanunuzi lilichomwa moto Yokohama ili kuokoa bei. Hata hivyo baadhi ya wafugaji hawakukata tamaa: wale wa Shimamura, Gunma, walipeleka mayai yao wenyewe Italia mwaka 1879 bila kupitia kwa madalali.

Uzi wa mwanzo ulikuwa na kasoro gani?

Ulivutwa nyumbani kwa zaguri, kifaa cha mbao chenye mkono wa kuzungusha na meno machache ya gia. Zaguri yenyewe si kifaa kibaya. Tabu ni kwamba kila nyumba ilivuta kwa unene wake, na mfanyabiashara akachanganya uzi wa nyumba 50 katika robota moja. Mahitaji yalipopanda, watu walivuta haraka wakaacha mafundo, vipande vya unene maradufu na sehemu zilizogandana. Wengine walipachika uzi duni katikati ya mashada.

Mwanzoni mnunuzi wa Lyon aliyekuwa na wafumaji wa mkono aliweza kuvumilia. Lakini huko Paterson, New Jersey, mashine zilizungusha maelfu ya nyuzi kwa kasi. Uzi ukikatika, mfanyakazi lazima asimamishe mashine, atafute ncha na afunge fundo, na ujira wa huko ulikuwa juu. Kwa hiyo Mmarekani hakuuliza sana uzi unang'aa kiasi gani. Aliuliza unakatika mara ngapi.

Je, kiwanda cha serikali cha Tomioka ndicho kilicholeta mapinduzi?

Jibu letu ni: kwa mafunzo ndiyo, kwa mfano wa kibiashara hapana.

Tomioka, mkoani Gunma, kilifunguliwa mwaka 1872 chini ya Mfaransa Paul Brunat. Kilikuwa na mabeseni 300 ya maji ya moto ya kuvutia uzi, katika jengo la urefu wa mita 140 hivi, nguzo za mbao na kuta za matofali. Matofali yalichomwa na wafyatuzi wa vigae wa huko, na kwa kuwa saruji haikupatikana, yalishikizwa kwa lipu ya chokaa ya kienyeji. Mashine zilitoka Ufaransa, zikapunguzwa kimo ziwafae wasichana wa Kijapani. Mwanzoni wasichana hawakujitokeza, kwani ulivuma uvumi kwamba wageni hao hunywa damu. Ilikuwa divai nyekundu. Mkurugenzi, Odaka Atsutada, ilibidi amwandikishe binti yake mwenyewe, Yu, ili wengine wafuate.

Uzi wake ulipata tuzo katika maonyesho ya Vienna mwaka 1873. Lakini hakuna kijiji ambacho kingeweza kulipia majengo, boila na mishahara ya Wafaransa. Wafaransa waliondoka mwishoni mwa 1875, na mwaka 1893 serikali ikakiuza kwa kampuni ya Mitsui.

Faida yake kubwa ilikuwa wasichana wenyewe. Walitoka mikoa mingi, wakajifunza, wakarudi kwao kufundisha. Anayejulikana zaidi ni Wada Ei wa Matsushiro, aliyefika 1873 na kurudi 1874 kuwafundisha wenzake katika kiwanda cha Rokkosha chenye mabeseni 50, kilichojengwa na watu binafsi karibu na kwao.

Wanakijiji wa Suwa walibadilisha nini kwenye mashine ya kigeni?

Hapa ndipo penye kiini cha habari yote, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mwaka 1875 kikundi cha watu wa eneo la Okaya, kando ya ziwa Suwa, akiwemo Takei Daijiro, kilianzisha Nakayama-sha, kiwanda cha mabeseni 100. Hawakunakili mashine ya Kifaransa wala ya Kiitalia. Walizichambua zote mbili na kubakiza sehemu ambazo uzi ulizihitaji kweli. Fremu ya chuma ikawa ya mbao. Beseni la shaba likawa la udongo wa kuchomwa, lenye umbo la nusu duara. Injini ya mvuke ya kuzungushia ikaondolewa, mahali pake pakawekwa gurudumu la maji. Mvuke ukabaki kwa kazi moja tu, kupasha maji moto, na kwa kazi hiyo boila ndogo ya mafundi wa huko ilitosha. Walichokiacha nje kilikuwa ghali. Walichokibakiza ndicho kilichoamua ubora.

Mfano mzuri ni namna ya kukaza uzi. Uzi mbichi ukitoka kwenye beseni lazima ujisugue mahali fulani ili maji yakamuliwe na nyuzi ndogo zishikane ziwe mviringo. Kwa njia ya Kifaransa, nyuzi mbili za mvutaji mmoja husokotwa pamoja kwa muda kisha hutenganishwa. Kasoro yake ni kwamba mmoja ukikatika, ncha yake hudandia mwenzake, na mvutaji asipowahi, shada linapata kipande cha denia 28 katikati ya uzi wa 14. Kwa njia ya Kiitalia, uzi hupita kwenye vipuli, yaani vigurudumu vidogo, na kujisokota juu ya nafsi yake. Ukikatika, umekatika wenyewe. Suwa walichagua hii ya pili. Ilikuwa rahisi kwa msichana aliyejifunza kwa miezi michache, na baadaye ikaruhusu mvutaji mmoja kuangalia nyuzi 3 hata 4 badala ya 2.

Kazi ya kuvuta uzi ilifanyika hatua kwa hatua vipi?

Kwanza vifukofuko vikavu huchaguliwa. Vilivyooza, vyenye doa na vya mapacha (viwavi wawili katika kifuko kimoja) hutengwa, kwa sababu uzi wa mapacha umefungamana. Kisha huchemshwa katika maji yanayokaribia kutokota ili gundi ilainike. Visipoiva, uzi hukatika unapofumuka. Vikiiva mno, unatoka kwa mafungu na kuleta mafundo.

Mvutaji husugua juu kwa ufagio mdogo mpaka ncha zijitokeze, huondoa nyuzi za nje zilizovurugika, na kubaki na ncha moja safi kwa kila kifukofuko. Anakusanya 5, anazipitisha kwenye tundu dogo, kisha kwenye vipuli, kisha kwenye gurudumu la kuzungushia.

Ustadi unaanza hapo. Uzi wa kifukofuko kimoja haulingani mwanzo na mwisho: ukikaribia ndani unakuwa mwembamba. Vifukofuko 5 vipya vinatoa uzi mnene, 5 vinavyokaribia kuisha vinatoa uzi hafifu. Mvutaji hodari huchanganya vipya na vya zamani, na pale vinapokonda anaongeza cha 6. Kimoja kinapoisha anatupia ncha mpya papo hapo, bila kusimamisha gurudumu. Mkono ukichelewa sekunde chache, mita kadhaa zinakuwa nyembamba, na mkaguzi ataziona. Haya yote vidole vikiwa ndani ya maji ya moto kutwa nzima.

Mabaki hayakutupwa. Nyuzi za nje ziliuzwa kwa wasokotaji, na wadudu waliochemshwa waliliwa, walitiwa shambani kama mbolea au walilishwa samaki. Ufugaji wa samaki wa Saku, Nagano, ulinufaika sana na chakula hicho.

Kwa nini uzi ulizungushwa mara ya pili?

Hali ya hewa. Italia na Ufaransa waliweza kuvuta moja kwa moja kwenye gurudumu kubwa, uzi ukakauka wenyewe. Majira ya mvua ya Japani ni ya unyevu mwingi, gundi haikauki haraka, na shada linagandana kila linapogusa mkono wa gurudumu. Kwa hiyo uzi ulivutwa kwanza kwenye gurudumu dogo, ukaloweshwa kidogo, kisha ukahamishiwa kwenye gurudumu kubwa lenye mzunguko wa mita 1.5 katika chumba chenye joto.

Kazi hiyo ya ziada ilionekana kama hasara, kumbe ndiyo iliyowaokoa wadogo. Uzi unapozungushwa upya, kila ulipokatika panaonekana na kufungwa, na uzi unapangwa kwa kupishana ili mfumaji wa New Jersey apate ncha kwa urahisi. Muhimu zaidi, hatua hii inaweza kufanyika mahali pamoja kwa viwanda vingi. Mwaka 1879 wenye viwanda kadhaa vya Okaya, ukoo wa Katakura ukiwemo, waliunda Kaimeisha, na mwaka 1884 wakawa na jengo la pamoja la kuzungushia upya na kukagua. Kiwanda cha mabeseni 30 peke yake hakiwezi kujaza robota la ubora mmoja kwa wakati. Kumi vikiungana vinaweza, na vinaweka chapa moja ambayo mnunuzi ataikumbuka.

Katakura hao walianza mwaka 1873 na mabeseni 10 ya kuvutia kwa mkono. Baadaye wakawa wavutaji wakubwa kabisa wa hariri nchini, na mwaka 1939 kiwanda chenyewe cha Tomioka kikaangukia mikononi mwao.

Je, zaguri ya nyumbani ilikufa?

Haikufa upesi. Gunma ilichukua njia nyingine. Chama cha Usui-sha kilianzishwa mwaka 1878, na vingine kama Kanraku-sha na Shimonita-sha vikafuata mtindo huo. Mwanachama alifuga viwavi wake, akavuta uzi wake nyumbani kwa zaguri, kisha akaupeleka katika kikundi cha kijiji. Huko ulizungushwa upya, ukapangwa kwa madaraja na kuunganishwa na wa wenzake. Malipo yalifuata daraja, kwa hiyo aliyevuta ovyo alijipunja mwenyewe.

Wanaosema maendeleo ni lazima yaanze na mashine kubwa hawapendi mfano huu, maana uzi wa Usui-sha uliuzwa Marekani kwa miongo kadhaa ukiwa umevutwa jikoni. Kilichokuwa cha kisasa ni mizani, madaraja na daftari.

Gunma pia ndiko alikotoka Hoshino Chotaro, mwenye kiwanda cha Mizunuma, ambaye mdogo wake Arai Ryoichiro alikwenda New York mwaka 1876 kuuza moja kwa moja bila kupitia kwa makampuni ya kigeni ya Yokohama. Mapema kabisa bei ilipanda kabla hajawasilisha mzigo aliokwisha uahidi. Aliuwasilisha kwa bei ya makubaliano, akala hasara, na wateja wakabaki naye.

Fedha zilitoka wapi?

Hili ndilo lililoangusha wengi kuliko mashine. Vifukofuko vilichukua takriban robo tatu ya gharama ya uzi, na msimu mkuu wa kuvinunua ulikuwa wiki chache tu kuanzia Juni. Mwenye kiwanda alipaswa kununua mali ghafi ya miezi mingi kwa fedha taslimu, huku uzi ukiuzwa kidogo kidogo kwa bei asiyoijua.

Mzunguko ulikuwa hivi. Wauzaji wakubwa wa Yokohama, kama nyumba za biashara za Hara na Mogi, walitoa mkopo kwa sharti kwamba uzi wote upitie kwao kwa kamisheni. Benki za mikoani, hasa Benki ya 19 ya Ueda, zilikopesha kwa dhamana ya vifukofuko vyenyewe vilivyofungiwa ghalani. Mwenye kiwanda alilipa sehemu ya deni, akatoa magunia kadhaa, akavuta, akauza, akarudi kulipa tena. Bei ya New York ikishuka mwezi wa Septemba, aliyenunua vifukofuko ghali mwezi wa Juni alifilisika ghala likiwa limejaa.

Reli ilipunguza hatari kwa kufupisha muda. Treni ilifika Takasaki mwaka 1884 na Okaya mwaka 1905. Kabla ya hapo, mzigo wa Suwa ulivuka milima kwa farasi.

Mkulima alifugaje viwavi, na nini kiliharibika?

Yai likianguliwa, kiwavi ni mdogo kama kipande cha uzi mweusi. Kwa siku 25 hivi anajivua ngozi mara nne, na uzito wake unaongezeka takriban mara 10,000. Hatari ya hesabu iko mwishoni: asilimia 85 au zaidi ya majani yote huliwa katika hatua ya tano, ambayo ni wiki moja tu. Mfugaji aliyeangua mayai mengi kuliko miforosadi yake aligundua kosa lake wakati ambapo jirani zake nao hawakuwa na jani la kuuza. Jalidi ya majira ya kuchipua ikiunguza machipukizi, ilikuwa afadhali kutupa viwavi wadogo mapema kuliko kuwatazama wakifa njaa.

Joto linalofaa ni nyuzi 23 hadi 26 za Selsiasi. Majani yaliyolowa huleta maradhi ya tumbo, hewa nzito yenye unyevu huleta ukungu unaomgeuza kiwavi kuwa kama chaki, na kuna nzi anayetaga kwenye majani: kiwavi akila yai, funza hukua ndani yake na kutoboa kifukofuko baadaye.

Kulikuwa na mafundisho mawili yaliyoshindana. Tajima Yahei wa Shimamura aliamini hewa. Nyumba yake ya mwaka 1863 ina matundu ya kupumulia juu ya mgongo wa paa, na ilinakiliwa kote mkoani. Wafugaji wa kaskazini waliamini moto. Takayama Chogoro wa Fujioka aliyaunganisha: washa moto panapokuwa na baridi au unyevu, fungua panapokuwa na joto, na usifuate kalenda bali hali ya chumba. Shule yake, Takayama-sha, iliyoanzishwa mwaka 1884, ilituma waalimu wake vijijini kukaa na wafugaji msimu mzima.

Waliwezaje kufuga zaidi ya mara moja kwa mwaka?

Mayai huanguliwa joto linapopanda. Ukiyaweka baridini, yanasubiri. Milimani kuna nyufa za miamba zinazopuliza hewa baridi hata kiangazi, na wafugaji walizitumia kama jokofu. Ghala la Arafune, karibu na Shimonita, lilianza mwaka 1905. Hewa yake hubaki nyuzi 2 au 3 hivi, na liliweza kuhifadhi kadi za mayai 1,100,000 zilizotumwa kutoka kote nchini kwa reli na posta. Mfugaji aliagiza kadi zake zitolewe kwa tarehe aliyotaka, akafuga kiangazi na vuli pia. Kiwanda nacho kikapata mali ghafi kwa awamu badala ya kununua yote Juni.

Hatua iliyofuata ilikuwa chotara. Toyama Kametaro alipendekeza mwaka 1906 kwamba wakulima wafuge kizazi cha kwanza cha mchanganyiko wa aina mbili, kwa kuwa viwavi hao ni wagumu na vifukofuko vyao vinalingana. Serikali ilianza kusambaza mbegu hizo mwaka 1914. Kulingana huko kwa vifukofuko kulikuwa na thamani kuliko ukubwa wao, kwani vifukofuko vinavyolingana ndivyo vinavyotoa uzi sawa. Japani ilikuwa imeshaipita China kwa mauzo ya hariri ghafi mwaka 1909. Kufikia 1929, kaya milioni 2.2 hivi zilifuga viwavi, takriban mbili katika kila kaya tano za wakulima.

Wasichana walilipwaje, na hali yao ilikuwaje?

Tomioka, msichana alifanya kazi chini ya saa 8 na kupumzika Jumapili. Suwa ilikuwa saa 13 au 14. Gurudumu la bei nafuu lililipiwa na mtu, na mtu huyo mara nyingi alikuwa binti wa miaka 12 hadi 20. Baba alitia muhuri mkataba na kupokea arubuni. Binti alihesabiwa kuwa anailipa. Waliotoka eneo la milimani la Hida walivuka kwa miguu kipito cha Nomugi, chenye kimo cha mita 1,672, kwenda na kurudi, na kurudi kulikuwa Desemba kwenye theluji.

Mfumo wa ujira wa Suwa unahitaji kuelezwa kwa mfano. Tuseme kiwanda kina wavutaji 100 na mmiliki amekwisha panga wastani wa sen 20 kwa siku (sen 100 ni yeni moja). Kila mmoja anapimwa: amepata uzi kiasi gani kutoka kwenye vifukofuko alivyopewa, umelingana vipi, una mng'aro gani. Alama zake zinalinganishwa na wastani wa wote. Aliye juu anapata 28, aliye chini anapata 12, pengine anatozwa faini. Hata wote wakijitahidi na uzi wa kiwanda ukawa bora, jumla ya ujira haibadiliki, kwa sababu wastani nao umepanda. Bidii ya mmoja ni makato ya mwenzake. Kwa mmiliki ulikuwa mfumo mzuri mno: ulileta usawa wa uzi bila kuongeza gharama. Tusizungumzie usawa wa uzi wa Suwa kama akili ya ufundi pekee.

Hawakunyamaza. Mwaka 1886 zaidi ya wanawake 100 wa kiwanda cha Amamiya, Kofu, waligoma, na huo huhesabiwa kuwa mgomo wa kwanza wa viwandani nchini. Wenye viwanda wa Suwa nao waliungana na kuandikisha wavutaji ili mmoja asimnyang'anye mwenzake msichana. Sheria ya Viwanda ilipitishwa mwaka 1911, ikaanza kutumika 1916. Mwaka 1927 wafanyakazi wapatao 1,300 wa kampuni ya uvutaji hariri ya Yamaichi Hayashi-gumi, Okaya, waligoma. Kifua kikuu kilienea mabwenini, na mgonjwa alirudishwa kijijini, akaupeleka ugonjwa nyumbani.

Ni hariri peke yake, au kulikuwa na mifano mingine?

Ipo. Kwenye pamba, Gaun Tatsumune wa Nagano alitengeneza mwaka 1873 mashine ya kusokotea iliyoitwa garabo kwa ajili ya mlio wake. Pamba hushindiliwa ndani ya makopo ya bati yanayozunguka, uzi unavutwa kwenda juu. Uzi ukinenepa unalinyanyua kopo, linaachana na mhimili na kuacha kuzunguka. Ukikonda kopo linashuka na kuendelea. Linajirekebisha lenyewe kwa uzito wake tu. Mashine hiyo ilipata tuzo ya juu katika maonyesho ya Ueno mwaka 1877. Lakini sheria ya hataza ilikuja 1885, kwa hiyo kila fundi aliinakili na Gaun akabaki fukara. Huko Mikawa waliifunga hadi ndani ya mashua zenye magurudumu ya maji, zikasokota uzi zikiwa zimetia nanga katikati ya mto Yahagi.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Kwa hariri yenyewe, mdogo. Kwa pamba upo. Kampuni ya meli ya Osaka Shosen ilianzisha safari za kawaida za Afrika Mashariki mwaka 1926, na kwa kuwa mikataba ya bonde la Kongo ilizuia ushuru wa upendeleo Kenya, Uganda na Tanganyika, nguo za Japani zilishindana waziwazi na za Uingereza. Katika miaka ya 1930 zilijaa maduka ya Mombasa na Zanzibar.

Kwa nini hariri ilianguka?

Karibu mzigo wote ulitegemea mnunuzi mmoja. Marekani ilipodorora, bei ya mwaka 1931 ilikuwa chini ya nusu ya ile ya 1929, na mkulima hakuweza kung'oa miforosadi kwa msimu mmoja. Viwanda vikubwa vilijitetea kwa mashine ya Minorikawa Naosaburo, yenye nyuzi 20 kwa mvutaji, inayozunguka polepole na kutoa uzi laini wa soksi za wanawake. Kisha nailoni ikaingia kwenye soksi hizohizo, kuanzia 1940.

Suwa haikubaki gofu. Majengo, mafundi na mikono iliyozoea vitu vidogo vilihamia kwenye saa na vifaa vya usahihi. Kampuni iliyokuja kuwa Seiko Epson ilianza Suwa mwaka 1942.

Leo mtu anaweza kuona nini?

Tomioka kilifungwa mwaka 1987, na tangu 2014 kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na nyumba ya Tajima Yahei, Takayama-sha na ghala baridi la Arafune. Ukipenda kuona uzi ukivutwa kweli, nenda makumbusho ya hariri ya Okaya, ambamo kiwanda kidogo kinafanya kazi mbele ya wageni. Huko pia ndiko yaliko mabeseni mawili yaliyosalia ya mashine ya Kifaransa ya Tomioka, karibu na ile ya Suwa ya mbao na udongo.